Kazi Inayokubali Kuwekwa Chini

Kipete cha kufungulia kopo la soda kina matundu mawili. Kubwa ni la kidole. Dogo liko upande wa pili, pale kilipokuwa kimeshikizwa kwenye kopo. Kina uso na mgongo pia: usoni ni laini, mgongoni kingo zake zimekunjwa kuelekea ndani. Mwenye kiu hana habari na mambo hayo. Fundi ninayemzungumzia, mwenye kibanda katika soko la Kibuye mjini Kisumu, huyaona kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mkoba mzima atakaoutengeneza utategemea matundu hayo mawili na kingo hizo.

Vipete huviosha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, maana soda ikikauka hunata na bia ikikauka hunuka. Vikishakauka kwenye sinia, anavipitia kimoja kimoja. Kila kipete anakigeuza, anakipapasa kwa kidole gumba pale kilipokatikia, na papo hapo anajua. Chenye ncha kali anakiweka kando. Akishapata kiganja kizima cha vile vikali, anachukua koleo ndogo na kubana kila ncha mpaka ilale. Kilichopinda anakitupa. Nilimuuliza kwa nini asikinyooshe.

"Kitapinda tena," akasema, "na siku hiyo kitakuwa katikati ya mkoba wa mtu."

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Soko liko kando ya barabara iendayo Kakamega, na siku hiyo hufurika mpaka pa kukanyaga panakosekana. Wauza mitumba wanapandiana sauti. Upande wa jua kali nyundo hazinyamazi, mabati yanakunjwa kuwa masanduku, majiko na karai. Waumini wanaotoka misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, nalo liko Kibuye, wanapita wakiwa bado na nguo zao nzuri, wakiulizia nyanya na viatu vya watoto. Katika kelele yote hiyo mwanamke huyu anapapasa vipete, na sijamwona hata mara moja akiruka kimoja.

Mikoba ya aina hii haifumwi Kisumu tu. Brazil wanaifuma, na kwingineko pia. Lakini kwetu Afrika Mashariki kazi hii imefungamana na mji mmoja na mtawa mmoja: Gulu, kaskazini mwa Uganda, na Sista Rosemary Nyirumbe. Fundi wa Kibuye hajafika Gulu. Mkoba wa kwanza wa namna hii aliuona kwenye simu ya mteja, akaupanua kwa vidole viwili mpaka akaona uzi unavyopita, halafu akajaribu. Mimi ndiye niliyekuwa na Sista Rosemary kichwani nilipoketi kumtazama, kwa kuwa nimesoma habari zake kwa miaka mingi, na jambo moja katika kazi yake sikulielewa mpaka nilipoona kroshia ikifanya kazi kwa karibu.

Sista Rosemary alizaliwa mwaka 1956 huko Paidha, nchi ya Waalur, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mjaluo wa Kisumu akifika huko hapotei: Waalur, Waacholi na Wajaluo ni ndugu, na maneno mengi wanayashiriki. Akiwa na miaka 15 aliingia Shirika la Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Akasomea ukunga. Mwaka 2001 akapewa kuongoza kituo cha ushonaji cha wasichana cha Mtakatifu Monika, mjini Gulu, kilichoanzishwa miaka ya 1980 kuwafundisha wasichana ufundi wa cherehani. Alikuta majengo yanayoweza kuchukua wasichana 300 hivi, na ndani yake wasichana wapatao 30.

Uzi ambao fundi wetu anautumia ni mweusi, wa nailoni, wenye nguvu na mng'ao kidogo. Amewahi kujaribu wa pamba akauacha, kwa sababu pamba hulegea ikilowa na mvua ya Kisumu haipigi hodi. Kroshia yake ni ya chuma, nyembamba, yenye ndoano nchani, na mahali pa kushikia amepazungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili isiteleze kiganja kikitoka jasho.

Anaanza kwa fundo lenye kitanzi. Kipete cha kwanza anakishika kwa kidole gumba na cha kati cha mkono wa kushoto, uso ukimwelekea. Kidole cha shahada kinabaki huru, kimeinuliwa, na uzi unapita juu yake. Kidole hicho ndicho kinachoamua uzi ukaze kiasi gani, na kwa muda mrefu sikukitilia maanani kwa sababu hakisogei sana. Ndoano inaingia kwenye tundu, inanasa uzi kwa nyuma, inarudi nao mbele. Sasa kuna vitanzi viwili kwenye kroshia. Ananasa uzi tena na kuupitisha katika vyote viwili kwa mvuto mmoja, kinabaki kitanzi kimoja. Huo ni mshono mmoja. Anarudia katika tundu lilelile mpaka ukingo wote uwe umevikwa uzi, na pale ambapo chuma kingesugua nguo ya mtu pasionekane chuma.

Halafu anachukua kipete cha pili na kukilaza nusu yake juu ya cha kwanza, tundu likikaa sawasawa juu ya tundu. Ndoano sasa inapita katika yote mawili. Hapo ndipo vinaposhikana. Cha tatu kinalala nusu juu ya cha pili, cha nne juu ya cha tatu, na baada ya muda una mstari wa vipete vinavyolaliana kama magamba ya ngege, ukiukunja unakunjika, ukiuachia unanyooka. Akifika mwisho wa mstari anageuza kazi yote na kuanza kurudi, akiuunganisha mstari mpya na ule wa chini kwa matundu yaliyosalia.

Uzi ukikazwa mno, mstari unajikunja na mkoba unakuwa na upande mmoja mfupi. Ukilegezwa, vipete vinacheza, vinagongana, na mkoba unalia kila mwenye nao anapotembea. Mkoba wake mmoja uliokwisha kukamilika ulikuwa umening'inia juu ya meza. Niliutikisa. Haukutoa sauti.

Ilikuwa katika mstari wa nne au wa tano ndipo mtoto alipoamka. Mtoto wake, ambaye bado hajaanza kutambaa, alikuwa amelala kwenye leso iliyotandikwa juu ya marobota ya vitambaa chini ya meza. Alilia mara moja tu. Mama anayeuza omena kibanda cha pili akaita, "Nyathina, mtoto!" yaani mwanangu, na fundi akaitikia, "Nimesikia, dani," yaani bibi. Kisha akafanya jambo dogo ambalo ningeweza kulikosa. Kile kitanzi kimoja kilichobaki kwenye kroshia alikivuta kikarefuka, kikawa urefu wa kidole. Akachomoa kroshia. Akaweka kazi juu ya meza na kuinama kumchukua mtoto.

Kitanzi kifupi kikiachwa bila kroshia hufumuka kwa mguso mdogo, na mshono mmoja ukifumuka mwingine huufuata. Kitanzi kirefu kinalala tu. Alimnyonyesha mtoto bila kuangalia kazi yake hata kidogo, akaongea na dani kuhusu bei ya omena, akambadilisha mtoto nepi, akamfunga mgongoni. Aliporudi aliingiza kroshia kwenye kitanzi, akavuta uzi kutoka upande wa bonge, kitanzi kikabana, na ndoano ikaingia kwenye tundu lililofuata. Baadaye mstari ulipokwisha niliutafuta kwa macho mahali alipokuwa ameacha. Sikupaona.

Cherehani haikupi nafasi hiyo. Yake ni ya kukanyaga, ya zamani, yenye gurudumu zito, na inataka miguu yote miwili, mikono yote miwili na macho. Ukiacha bega la gauni katikati ya mshono, utakaporudi kitambaa kitakuwa kimeteleza na itabidi ukipange upya. Tena sindano inayopanda na kushuka si kitu cha kukaa karibu na vidole vya mtoto. Kwa hiyo anayo saa yake ya cherehani, mtoto akiwa mapajani mwa dani, na saa zote zilizobaki ni za kroshia.

Hapo ndipo nilipomwelewa mtawa wa Gulu.

Wasichana waliokuwa wakifika kwake walitoka vitani. Kwa miaka karibu ishirini jeshi la waasi la Joseph Kony, lile lililojiita la Bwana, liliteka maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda. Wavulana walipewa bunduki, wasichana walipewa bunduki na pia waligawiwa makamanda kuwa wake. Walipotoroka au kukombolewa walirudi nyumbani wakiwa na mimba, au wamebeba watoto ambao baba zao walikuwa wamechoma kijiji hichohicho. Majirani hawakuwataka. Mara nyingine hata jamaa zao hawakuwataka. Na wengi walikuwa wametolewa darasani wakiwa wadogo mno, hivyo ubao na daftari viliwarudisha mahali ambapo walijiona wajinga mbele ya wenzao wadogo.

Sista Rosemary alikwenda redioni. Alitangaza kwamba msichana yeyote aliyerudi kutoka msituni aje Mtakatifu Monika. Mwenye mimba aje, mwenye mtoto aje na mtoto wake. Msomaji aliyesoma shule za wasichana za Kanisa katika nchi zetu anajua uzito wa maneno hayo. Kwa miongo mingi mimba ilikuwa mwisho wa masomo. Msichana alifungasha sanduku lake kimyakimya, na jina lake halikutajwa tena katika sala ya asubuhi. Sasa mkuu wa chuo, mtawa mwenye shela kichwani, anaita kwa sauti inayosikika mkoa mzima kwamba njooni na watoto. Wakaja. Pakawa na mahali pa kulelea watoto palepale chuoni, mama akiwa darasani mwanawe hayuko mbali. Masomo yakawa ya vitendo: kushona, kupika, kazi ambazo mkono unaweza kuzijua kabla ya mwalimu kuzieleza. Tangu wakati huo zaidi ya wasichana elfu mbili wamepita hapo.

Wajaluo wana hadithi ya kale ya ndugu wawili, Podho na Aruwa. Waalur na Waacholi huwaita Gipir na Labongo. Ndugu mmoja alipoteza mkuki wa mwenzake kwa kumrushia tembo, akalazimishwa kuufuata mkuki uleule porini. Aliporudi nao, siku zikapita, mtoto wa mwenzake akameza ushanga wake. Naye akautaka ushanga uleule, si mwingine. Mtoto akapasuliwa tumbo, ushanga ukapatikana, na ukoo ukagawanyika mpaka leo. Nimeisikia hadithi hii mara nyingi na sijawahi kuisikia bila kukunja ngumi. Sista Rosemary amezaliwa katika nchi inayosimulia habari hiyo, na aliongoza chuo ambacho msichana hakudaiwa mtoto wake ili apate ufundi.

Kazi ya vipete aliileta baadaye, vipete vikikusanywa na watu wenye mapenzi mema, wengi wao Marekani, na mikoba ikiuzwa huko. Waandishi wengi wanaoieleza hupendezwa na takataka inayogeuka kuwa kitu kizuri. Ni kweli inapendeza. Mimi naona kuna jambo la maana zaidi, na ni la mkunga na fundi kwa pamoja: hii ni kazi ambayo mama anaweza kuiweka chini mtoto akilia, na akirudi ataikuta kama alivyoiacha. Haihitaji umeme. Haihitaji meza. Inaingia mfukoni. Msichana ambaye mawazo yake hayatulii, anayeshtuka mlango ukigongwa, anaweza kufuma vipete vitatu, akaacha, akafuma viwili, na hivyo vitano vyote vikahesabika katika mkoba. Kuchagua kazi inayomfaa mtu aliye mbele yako, badala ya kumlazimisha mtu aifae kazi, ni ujuzi ambao wakuu wengi wa vyuo wameukosa.

Masista wa kaskazini mwa Uganda wamewahi kuonyesha ushujaa wa namna nyingine. Oktoba 1996 waasi waliingia usiku katika chuo cha wasichana cha Mtakatifu Maria huko Aboke, kusini mwa Gulu, wakaondoka na wasichana 139. Naibu mkuu wa chuo, Sista Rachele Fassera, Mwitaliano wa shirika la Komboni, aliwafuata msituni kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akawakuta, akaomba, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibakizwa. Habari hiyo inasimuliwa na inastahili kusimuliwa. Lakini kuna pia miaka iliyofuata, wakati wasichana wa namna hiyo walipoanza kurudi mmoja mmoja na hakuna mwandishi aliyekuwa akingoja getini, na mtu alihitajika wa kuketi nao asubuhi baada ya asubuhi akiwaonyesha jinsi ya kukata kola. Hilo nalo ni la kishujaa, ingawa ukilitazama siku moja hutaona chochote.

Fundi alikuwa amefika mstari wa tisa alipotua. Hakuna kilichokuwa kimemshtua. Alikuwa akiteleza kidole gumba juu ya mistari, kama anavyofanya kila anapomaliza mmoja, na kidole kikasita. Katika mstari wa saba kipete kimoja kilikuwa kimegeuka, mgongo juu. Nilipoonyeshwa nilikiona kwa shida. Mteja asingekiona kabisa. Alichomoa kroshia, safari hii bila kurefusha kitanzi, akavuta uzi. Mshono baada ya mshono ukaachia, tikitiki, vipete vikadondoka kwenye sinia, na uzi akauzungusha tena kwenye bonge bila kuuacha uvingirike. Mistari miwili na nusu ikaisha namna hiyo kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kueleza.

Binti wa jirani, anayekuja kujifunza siku ambazo hakuna shule, alimtazama kwa huruma. Yeye mwenyewe alikuwa na kipande chake mkononi, mistari mitatu iliyojikunja upande kwa kukazwa mno. Fundi alikichukua, akakiweka juu ya meza, akakibonyeza kwa kiganja ili binti aone kinavyonyanyuka. Hakukisahihisha. Alimrudishia.

"Fumua, uanze pale ulipoanza kukasirika."

Binti akacheka kwa haya, akahesabu nyuma, akafumua mpaka mstari wa pili.

Mwili wa mkoba ukiisha unakuwa vipande viwili vya mstatili na ukanda mrefu wa kuvizunguka, ambao ndio ubavu na kitako. Kuviunganisha ni kazi ya subira ya peke yake, kwa kuwa kwenye pembe vipete havikubali kukata kona. Hapo anaacha tundu moja bila kipete na kulijaza kwa mishono ya uzi mtupu, mitatu au minne, ili pembe ipate mahali pa kupindia. Pembe ndiyo itakayogusa sakafu ya matatu na vumbi la kanisani. Nilimwona akirudia pembe moja mara mbili, si kwa kosa, ila kwa kuwa mishono yake haikulingana na ya pembe nyingine.

Kisha cherehani. Dani akampokea mtoto bila kuombwa. Kitambaa cha ndani kilikuwa kipande cha kitenge kilichosalia kwenye gauni la mteja mwingine, chenye maua ya njano. Alipima mkoba kwa futi yake ya kitambaa, akachora kwa chaki upande wa ndani wa kitenge, akaongeza upana wa kidole kila upande kwa ajili ya mshono, akakata. Mkasi wake hautafuni, unateleza. Akazungusha gurudumu kwa mkono mara ya kwanza ili sindano ishuke mahali anapopataka, ndipo miguu ikaanza kukanyaga. Mwanzo wa mshono anarudi nyuma hatua tatu, mwisho wake anarudi nyuma hatua tatu, mshono ukajifunga wenyewe. Akaupiga pasi ya makaa, akiwa ameijaribu kwanza kwenye kitambaa kichakavu ili majivu yasidondoke kwenye maua.

Kushikiza kitenge ndani ya mkoba hufanywa kwa sindano ya mkono. Nilitazama kwa muda kabla ya kugundua kwamba sindano haipiti kwenye matundu ya vipete hata mara moja. Inapita chini ya uzi wa kroshia tu. Uzi mwembamba wa kushonea ukigusana na ukingo wa alumini, utasuguliwa kila mkoba unapofunguliwa, na siku moja utakatika. Ukishikizwa na uzi mwenzake, utakaa. Hakuna mteja atakayejua hilo. Zipu inafuata, nayo ameishona kwanza kwenye kitenge kwa cherehani, ili meno yake yasivutwe na vipete.

Mshikio aliufuma mwisho, vipete vikiwa safu mbili mgongo kwa mgongo, ili pande zote mbili ziwe uso na kiganja kisikute kingo. Mkoba ulipokamilika hakuusifu wala kuupiga picha. Alichukua paketi ya unga wa kilo mbili kutoka kapu lake la nyumbani, akaitumbukiza, akaongeza ya pili, akautundika mkoba kwenye msumari, akaendelea na shughuli nyingine. Jioni alipoushusha alikagua mahali mshikio unapoungana na mwili, akauvuta, akaugeuza, akautoa unga.

Jina la Sista Rosemary sasa linajulikana mbali. CNN ilimtambua kuwa shujaa mwaka 2007. Mwaka 2013 kikatoka kitabu kuhusu maisha yake, na filamu pia, vyote vikiwa na jina linalotaja kushona na matumaini. Mwaka 2014 jarida la Time likamweka katika orodha yake ya watu mia moja wenye ushawishi zaidi duniani. Kwangu mimi lenye uzito kuliko hayo yote ni kwamba kazi ilifika mpaka Atiak, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, mahali ambapo mwezi Aprili 1995 waasi waliua mamia ya watu kwa siku moja. Huko nako kuna tawi la Mtakatifu Monika. Kwenda kufundisha ushonaji mahali kama hapo, ambapo kila familia ina kaburi, kunataka mtu anayejua kwamba mshono wa kwanza wa mwanafunzi utafumuliwa, na wa pili, na ambaye hatachoka kungoja wa tatu.

Kabla sijaondoka Kibuye, mama mmoja aliyetoka misa alisimama kibandani na kuuliza kama mkoba ule mpya utachukua Biblia na kitabu cha nyimbo. Fundi hakujibu. Alinyoosha mkono apewe Biblia. Akaipima kwa futi, urefu, upana, unene, akaipima pamoja na kitabu cha nyimbo juu yake, akatazama mkoba.

"Huu utabana, mama. Zipu itakusumbua. Nikutengenezee mwingine, niongeze vipete viwili kila mstari."

"Jumapili ijayo?"

"Hapana. Ile nyingine."

"Fundi, mbona mbali hivyo?"

"Vipete ni mia tatu na kitu," alisema, akimweka mtoto vizuri mgongoni, "na huyu anaota meno."

Mama akamtazama mtoto, akafungua pochi, akamwachia pesa za uzi.